Pale Ambapo Hakuna Anayepita

Jumatatu, 2 Machi 2026

Leo nimeiona Mbinga kutoka juu, kama ndege! Injinia Wendelin amekuja kutoka Songea na laptop yake, kutafuta pa kujenga madaraja. Watu mia mbili wa mji waliruhusu simu zao zifuatwe mwezi mzima, na akili mnemba imechora nyendo zao zote. Nyuzi za mwanga. Soko linang'aa. Stendi inang'aa. Kanisani siku ya Jumapili — moto mtupu. Kazi yangu ni kuiambia mashine majina: hii shule, hiki kinu cha kukoboa kahawa. Nimesahau hata kula.

Jumatano, 4 Machi

Mashine imependekeza madaraja sita ya waenda kwa miguu. Korongo letu halimo. Nimeuliza. Wendelin akajibu kwa upole tu — dada, pale hakuna anayepita. Mwezi mzima, sifuri.

Ni kweli, hapapiti mtu. Tangu masika ya mwaka juzi, magogo ya kuvukia yalipong'oka na mdogo wangu Tadea akaenda na maji. Mtaa mzima sasa tunazunguka kwa juu, saa nzima, hata mwenye uchungu wa kuzaa. Sikumwambia.

Jumamosi, 7 Machi

Mvua tangu asubuhi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mibuni. Nilisinzia dirishani, nikaona zile nyuzi za mwanga zinateremka korongoni, taratibu, na mmoja unatembea kama Tadea — ule mwendo wake wa kurukaruka, na ndoo haimwagiki. Mama akauliza kutoka jikoni natabasamu nini. Nikasema hakuna kitu. Mama hajataja jina lile tangu mazishi. Upande wa korongo hata haangalii.

Jumatatu, 9 Machi

Nimemwambia Wendelin! Yote, kwa kigugumizi. Akasema tumeiuliza mashine swali lisilo sahihi: tumeuliza watu wanapita wapi.

Tukaiuliza upya. Kila mtu anakaa wapi, anakwenda wapi, na kama kungekuwa na daraja angepita wapi? Chai ikapoa. Halafu nyuzi zikaanza kuvuka korongo — mmoja, mwingine, kisha kundi zima. Watu sitini na mmoja. Nikatoka nje nikalia mvuani.

Alhamisi, 12 Machi

Kikao cha halmashauri kuhusu madaraja ni kesho. Wendelin ataonyesha ramani, mimi nitasema.

Ijumaa, 13 Machi

Naandika hapahapa ukumbini, daftari magotini. Mambo yanaharibika. Mwenyekiti anasema hizo ni ndoto za kompyuta. Serikali haijengi daraja la watu wasiopita. Anataka jina. "Nitajieni mtu mmoja tu, mmoja, anayehitaji kupita pale!"

Nimesimama. Sauti haikutoka. Nimekaa tena — aibu!

Kiti kimeburuzwa nyuma. Watu wanageuka.

Mama! Nani amemwambia? Kitenge kimelowa mpaka kiunoni, tope jekundu, ndala moja tu mguuni. Barabara ya juu haina maji ya kiasi hicho. Hakuzunguka. Mungu wangu, mama amepita korongoni!

Wendelin amesogeza kiti ampishe. Mama anapita katikati ya ukumbi bila kuniangalia. Anasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Tunaitikia wote, hata mwenyekiti.

Sasa anavuta pumzi —