Degedege Msimu wa Mpunga

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Ifakara tu wazima, ila babu yako anakohoa. Unauliza kwa nini nahangaika hivi tangu nisikie unataka kuacha shule.

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, kila msimu wa mpunga tulihamia bondeni kufukuza ndege, tukiishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti. Mwaka mmoja mdogo wangu Rosa alishikwa na degedege. Mtoto wa mwalimu, shamba la jirani, naye vilevile. Mke wa mwalimu alikuwa amesoma. Alimbeba wake mgongoni, akapitia kwetu.

"Mama Rosa, twende hospitali. Nauli ya mtumbwi nitalipa mimi."

"Mwenye degedege akichomwa sindano anakufa," mama alijibu, akilia. Ndivyo tulivyojua sote. Akamfukiza Rosa kwa mizizi, akamkumbatia mpaka mwisho.

Yule mtoto wa mwalimu sasa ana mvi. Kila Jumapili tukisalimiana kanisani naziangalia mvi zile, namuwaza Rosa.

Niandikie upesi, hata mstari mmoja, kwamba bado unakwenda shule.

Bibi yako