Gari la Usukani Kushoto

Kambarage, Shinyanga

Kaka Abdulshakur, shikamoo.

Huku mvua imegoma, na mbuzi wa Baba amezaa mapacha. Barua hii nimempa Safiya akuletee huko Dubai, maana kwenye simu Baba angenisikia.

Umeniuliza nichague gari la Kijapani lililotumika, au lile la Kimarekani, kubwa na la bei rahisi. Kaka, hilo la Kimarekani sitaki kuliona likiingia uani. Injini yake sina ugomvi nayo. Usukani uko kushoto, kama gari la marehemu mume wangu Akida.

Uliambiwa tu kwamba Akida alibanwa kati ya malori mawili njia ya Geita. Hukuambiwa Baba alikaa wapi. Gari la namna ile likiwa nyuma ya lori, dereva haoni mbele. Aliyekaa kulia ndiye anayemwangalizia njia. Baba, aliyeendesha malori ya Kiingereza kule Mwadui, alifurahi kukaa tena upande wake wa zamani. Kwamba macho yameingia ukungu, hakumwambia mtu. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Nilimsikia akisema, "Pita, mwanangu." Akida akapita.

Sijui kama nimemsamehe. Chakula chake nampikia.

Ukija, usimuulize neno. Anashinda kibarazani akisikiliza barabara, na kila lori likinguruma ananyoosha mkono wa kulia: "Bado, mwanangu. Bado."

Mdogo wako,
Mwahija