Damu Ndani ya Frigo ya Sambaza

Goma, Mapendo, 14 juin 2021

Asma mutoto wangu,

Salaam aleikum. Huko Liège unaamkaje? Sisi tunaamka na vumbi ya volkano kwa meno, ila tunaamka. Jirani yetu Dative anakusalimia. Mbuzi wake angekusalimia pia, lakini alimuacha tukikimbilia Sake.

Ni kwa njia ile mukono wangu wa kuume ulikataa kushika godoro. Mimi, dereva wa kamyo ya Rutshuru miaka makumi tatu! Tulirudi, muganga akanigonga-gonga na kanyundo, akataja jina refu la Kifaransa: neva zinazoamuru nyama za mwili zinakufa, moja moja. Alitazama chini kama mutu aliyekanyaga kuku ya jirani.

Wewe unayesomea vitu visivyoonekana, niambie nani anazima mashini yangu. Telefone usipige, ilianguka katika mbio. Andika. Nilifika darasa ya tano primaire, na nikairudia mara mbili, kwa hiyo hesabu ni ya saba.

Baba yako,
Aruna


Liège, 9 juillet 2021

Papa wangu,

Aleikum salaam. Mimi muzima. Nimelia, nikacheka mbuzi, nikalia tena.

Ugonjwa huo ndio kazi yetu hapa. Ndani ya kila seli kuna maagizo yanayosafiri kama makamyo yako: jenga hiki, tengeneza kile. MikroARN ni vitu vidogo sana, havibebi mzigo. Ni kama vijana wa barrière wanaoshika kamba barabarani: wanaamua gari gani ipite, gani irudi. Kwa ugonjwa wako wengine wameacha kamba, wengine wanafunga njia yote, na neva inakosa inachohitaji. Kama wao ndio wanaua, ao wanafuata tu kifo, bado hatujui.

Wanaonekana hata katika damu, na damu ikikaa baridi hawaharibiki upesi. Profesa wangu anaomba tube moja ya damu sasa na ingine mwaka kesho, apime wanavyobadilika. Si dawa, Papa, sikudanganyi. Nawe usinidanganye. Siku damu itasema unashuka haraka, ninakuja, vita ao hakuna vita.

Mutoto wako,
Asma


Goma, 21 novembre 2022

Asma,

Salaam kwako na kwa baridi yako. Niko muzima kuliko muganga. Mwandiko ukiuona mwingine, ni Dative ananiandikia. Nimekuwa patron, na patron haandiki.

Ya kwanza ilifika mwaka jana; leo tube ya pili imeondoka kwa njia ya Kigali, ndani ya barafu ya Mama Kadidja, yule muuza samaki wadogo, sambaza. Ikinuka samaki, usishangae.

Waasi wako Kibumba. Kanyaruchinya watu wamelala juu ya mawe ya volkano, mahema mpaka pembeni ya barabara. Ile barabara ya Rutshuru unaijua. Ilimukula kaka yako Ridhwani vita ya 2012, na ni mimi nilimutuma viazi. Kwa hiyo kaa huko, hesabu vijana wako wa barrière. Utaona damu yangu ni ya bwana harusi.

Baba yako,
Aruna


Liège, 17 janvier 2023

Papa,

Salaam. Sikuulizi hali, maana hutasema kweli.

Damu ilifika. Hesabu nzuri kabisa, kila barrière mahali pake. Nilicheza katikati ya laboratoire, watu wakitazama. Wiki tatu nimeishi na furaha hiyo. Kisha profesa akapima mambo mengine, akaniita: «Asma, baba yako ni mwanamke.»

Damu ya nani, Papa? Na telefone gani inakaa mbovu karibu miaka miwili?

Nimepata tiketi ya Kigali. Nafika mpaka wa Goma tarehe 11 février. Usiniandikie nisije.

Mutoto wako,
Asma


Goma, 6 février 2023

Asma mutoto wangu,

Salaam aleikum. Hali nitaisema, leo hata ukikataa kuuliza.

Damu ni ya Dative. Nilimuambia ni ya kutafutia mbuzi wake. (Mimi Dative: uongo, nilijua. Unisamehe.) Telefone ni nzima, ulimi ndio umeharibika. Nasikika kama mulevi, mimi ambaye sijaonja hata pombe ya kasiksi ya harusi. Nasema neno moja, Dative anakisia matatu, nafumba jicho akilipata. Barua hii imetukula siku ine. Kijiko siinui. Kumeza ni kazi.

Nilitaka vita ya ile barabara isile mutoto wa pili. Lakini ulicheza, Asma. Ulicheza kwa damu ya jirani. Hapo nilikosa.

Nimekuwa na mimi kijana wa barrière, nafunga njia bila kutazama nani anapita. Basi, natoa kamba. Kuja. Na usibishane na watu wa forodha kama mama yako marehemu: mpaka unafungwa saa tisa.

Tube ya kweli nimetoa leo.

Baba yako,
Aruna (alama ya kidole chake)

Asma, hapa ni mimi Dative. Barua hii sikuituma. Gari ya Kigali, ambako ingekukuta, ilikuwa ya alhamisi, na jumatano asubuhi Papa alikataa uji, akatazama mulango, akaisha. Walimuzika siku ile ile, kama dini yenu inavyotaka. Nimeiacha juu ya kiti chake, uikute.

Damu yake iko kwa frigo ya Mama Kadidja, chini ya sambaza. Umeme umekatika tangu azikwe, lakini nabadilisha barafu kila asubuhi. Hii ni yake. Niliiona ikitoka.