Vibanda vya Bondeni

Jumamosi, Desemba 1986

Jua limewaka leo kama vile hakuna kilichotokea. Matope ya barabarani yamekauka yakapasuka. Uani mwa nyumba hii ya wageni wameanika magunia ya ndengu zilizolowa, na harufu ya kuchacha inanifikia hapa chumbani. Nyingine zimeanza kuota.

Nataka kuandika sasa, kabla sijaanza kujitetea kichwani.

Leo nimesema.

Mimi ni mchora ramani katika ofisi ya mipango huko Kitui mjini. Si afisa. Afisa anaamua, mimi nachora. Miaka miwili iliyopita tulitumwa, afisa wangu na mimi, kwenye senta hii ya biashara iliyo mwendo wa saa moja kutoka Kyuso, tuwaulize watu wangependa soko lao likue vipi. Senta ilikuwa imeanza kujaa. Maduka ya mawe yalikuwa yameongezeka, wachuuzi wa mbuzi walikuwa wakija kutoka upande wa Garissa kila Alhamisi, na akina mama walikuwa wakiuza chini, kando ya barabara, malori yakipita karibu na vidole vya miguu yao. Walitaka vibanda vyenye paa. Hilo ndilo nililosikia kwa kila mtu.

Tulikutana siku tatu katika darasa la shule ya msingi. Afisa alikaa siku ya kwanza tu, kisha akarudi Kitui. Nikabaki na daftari na ramani niliyoibandika ubaoni.

Siku ya pili alisimama mama mmoja, Kavata, muuzaji wa ndengu. Ni mrefu, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuongoza kwaya. Alikuja mpaka mbele akaweka kidole kwenye ramani, pale bondeni nyuma ya maduka.

"Hapa msijenge," alisema. "Hapa ni njia ya maji. Hata kama huku kwetu ni jua, ikinyesha huko milimani, maji inakuja na hapa. Andika hiyo, mwiitu wakwa."

Aliniita binti yake, na hata jina langu hakuwa analijua.

Abdi, mchuuzi wa mbuzi ambaye familia yao iko hapa tangu sijazaliwa, alikubaliana naye. "Huyu mama anasema ukweli. Mbuzi zangu zilibebwa hapo mbele ya macho yangu."

Niliandika yote. Niliporudi Kitui nikachora vibanda juu, kwenye uwanda ulio karibu na kanisa, na bonde nikaliacha wazi, liwe mahali pa mifugo na mpira. Nilichora vizuri. Niliipenda ile ramani kama mtu anavyopenda nguo aliyojishonea.

Wiki mbili baadaye afisa aliniita. Alikuwa ameitandaza mezani.

"Huku juu haiwezekani," alisema. "Ploti za huku zina wenyewe tayari."

"Wenyewe akina nani?"

Akachora duara kwa penseli juu ya bonde. "Vibanda viweke hapa. Ni tambarare na ni ardhi ya serikali."

"Na vile watu walisema?"

"Watu watazoea."

Nilichukua wembe. Sisi wachoraji hukwangua wino kwa wembe, polepole, usije ukatoboa karatasi. Nilikwangua vibanda vya juu kimoja kimoja, nikavichora upya bondeni. Kazi ya asubuhi moja. Kwenye ripoti afisa aliandika kwamba wananchi walishirikishwa kikamilifu.

Nimejiambia mambo mengi kuhusu asubuhi ile. Kwamba ningefukuzwa. Kwamba mtu mwingine angechora. Lakini hapa niwe mkweli.

Hakuna aliyenitisha.

Vibanda vilijengwa. Mabati mapya, saruji safi, chifu akakata utepe. Kavata alipata kimoja, na kwa kuwa magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, akamwachia binti yake Mwikali auze. Wapo waliokataa kuhamia bondeni, lakini askari wa soko waliwafukuza barabarani mpaka wakachoka. Mimi nilifika hapa mara moja mwaka jana, nikanunua ndengu kwa Mwikali. Aliniongezea kopo zima bila kuniuliza mimi ni nani. Nilipanda gari nikaenda.

Alhamisi ya wiki iliyopita hakukuwa na tone la mvua hapa. Wote wanasema hivyo. Lakini upande wa milimani kulikuwa kweusi tangu asubuhi, na saa kumi alasiri watu walisikia mngurumo wakadhani ni lori. Maji yalikuja na miti, na mchanga, na milango ya watu. Wengi walikimbia. Mwikali alikuwa amemshika mkono bibi mmoja kipofu aliyekuwa akiuza kamba za katani kibanda cha pili. Walipatikana Jumamosi, mbali sana huko chini. Watu waliowachukua wanasema bado walikuwa wameshikana.

Mwikali alizikwa Jumanne. Sikuenda. Nilikuwa Kitui, nimeambiwa niandae ramani kwa ajili ya baraza la leo.

Ramani ileile. Vibanda vijengwe tena palepale, ila kwa mawe.

Baraza lilifanyika saa nne, uwanjani kwa chifu. Watu walikuwa wengi. Niliketi kwenye meza ya mbele pamoja na wakubwa, ramani mapajani. Afisa alisimama, akatoa pole za serikali, kisha akasema maneno haya. Nayaandika kama alivyoyasema.

"Tusilaumiane. Mpango huu ni wenu. Tulikuja hapa tukawauliza, na ninyi wenyewe ndio mlichagua hapa mahali."

Nilimtafuta Kavata kwa macho. Alikuwa ameketi chini, safu ya tatu, leso imefungwa kichwani. Nilitegemea atapiga kelele. Alikuwa ananiangalia mimi, si afisa.

Sikuamua kusimama. Nilijikuta nimesimama.

"Hawakuchagua hapo," nilisema. "Walikataa. Mimi ndiye niliandika wakikataa."

Chifu aliniambia niketi. Afisa alicheka kidogo, akawaambia watu kwamba msichana huyu amesafiri usiku, amechoka. Ndipo Abdi akasimama kule nyuma, kofia mkononi.

"Chifu, kwa heshima," alisema. "Wacha amalize."

Wengine wakaitikia, "Amalize."

Nikamaliza. Nilisema kwamba vibanda vilikuwa juu karibu na kanisa, na kwamba mimi kwa mkono wangu nilivitoa huko nikavileta bondeni. Nilisema ploti za juu zilikuwa na wenyewe, na sikuwajua. Afisa alikunja karatasi zake katikati ya maneno yangu.

Hakuna aliyepiga makofi. Sijui kwa nini sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inangoja makofi.

Watu walianza kuongea wote kwa pamoja. Mwishowe wazee na akina mama walimwambia chifu hawatarudi bondeni, wafukuzwe wakamatwe, watauza barabarani tena. Chifu alifunga baraza bila kukubali wala kukataa. Afisa alipanda Land Rover. Dirishani aliniambia nifike ofisini Jumatatu saa mbili, nije na funguo za kabati la ramani nizikabidhi. Kisha gari likaondoka na mimi nimesimama.

Kavata alikuja. Magoti yanamtesa kweli, alichukua muda kunifikia. Nilianza kusema pole, akainua mkono.

"Hiyo siku ulifuta," alisema, "ulijua maji inapita hapo?"

"Nilijua, mwaitu, mama yangu. Wewe ndiye uliniambia."

"Na usiku ulilala?"

Ningeweza kumdanganya. Angejua, lakini ningeweza.

"Nililala."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza bei na kuambiwa ileile aliyoitarajia.

"Leo umesema vizuri," akasema. "Lakini Mwikali alikuwa na miaka ishirini na moja."

Akageuka. Mwanamke mwingine akamshika mkono, wakaenda.

Abdi amenitafutia lori la mbuzi litakaloniteremsha mpaka Mwingi kesho mchana. Hakuniuliza chochote. Aliniletea chai kwenye chupa akaenda kuswali.

Nimejaribu kufikiria kuhusu kazi, kodi ya nyumba, nitamwambia nini mama. Mawazo hayakai. Labda vibanda havitajengwa bondeni. Labda vitajengwa, na ramani itachorwa na mtu mwingine mwenye mkono mzuri kuliko wangu. Yote mawili naona yanawezekana, na kusema kwangu leo hakunipi haki ya kujua lipi.

Kesho ni Jumapili, na lori haliondoki kabla ya saa saba. Kanisa hapa ni moja tu. Kavata atakuwepo, na ile familia ya bibi wa kamba.

Nikiingia, nitakaa benchi gani?