Tani Kumi na Mbili za Nzou

Jumamosi, Julai 2008. Kitengela.

Baridi ya leo ni ile ya kuingia kwa mifupa. Jua limekataa kutoka tangu asubuhi, upepo umejaa vumbi, na mimi nimekaa kwa cyber hapa karibu na soko nikiwa bado na sweta yangu ya kufundishia. Nimeandika mstari wa kwanza na kuufuta mara tatu. Ningependa kusema ni baridi.

Leo nimemkosea Njoroge. Nimemkosea mara mbili, na hiyo ya pili bado hajaijua.

Wewe uliyeingia kwa blogu hii kwa bahati mbaya, nikueleze. Mimi na Njoroge tuko na mchezo wa mezani, mchezo wa vita. Wanaopigana ni majitu ya chuma, marefu kuliko gorofa, yenye mizinga kwa mabega. Boksi lake nililipata nikiwa kijana Magadi, baba akifanya kazi kwa kampuni ya magadi. Kuna injinia alikuwa anahama kurudi kwao, vitu vya nyumba vikagawiwa majirani. Wengine walipata viti na masufuria. Sisi tulipata boksi lenye ramani, dadu mbili na kitabu cha sheria kilichokosa kurasa za katikati. Mama alitaka kuwashia jiko. Nililia mpaka akaniachia.

Nikalipeleka shule ya bweni Kajiado. Huko ndiko nilikutana na Njoroge, kijana wa Gataka, Rongai, mwenye maringo na kalamu tatu kwa mfuko. Tulikuwa hatusalimiani. Kufikia mwisho wa muhula tulikuwa tunaitana "Sopa!" na kujibiana "Ipa!" kama vijana wa Kimaasai tuliolala nao bweni moja, na tunachora majitu nyuma ya vitabu vya jiografia. Hatukuwa na vifaa vya dukani, kwa hivyo tulikunja waya, tukafinyanga vifuniko vya soda. Mpaka leo ni hivyo. Sisi ni watu wazima, mimi ni mwalimu wa hesabu, yeye ana hardware yake, na bado tunakunja waya.

Utamu wa mchezo ni kuchora. Jitu haliruhusiwi kuzidi tani mia moja. Hizo tani unagawa mwenyewe kwa karatasi: injini, miguu, bamba za kujikinga, mizinga, na rejeta za kupoza, kwa sababu jitu likipiga sana linachemka na kuzima katikati ya vita. Ukiongeza hapa, unapunguza pale. Ukitaka yote, huna lolote.

Halafu kuna sheria mbili ambazo hazikuwa kwa kitabu. Tulizitunga wenyewe bwenini. Ya kwanza, karatasi ya mtu haikaguliwi. Ukisema jitu lako ni tani mia, ni tani mia, basi. Ya pili, jitu likifa mezani limekufa. Mwenyewe anachoma karatasi yake kwa jiko kwa mkono wake, na haruhusiwi kulichora tena maishani.

Nimependa majitu mengi. Nilimpenda Punda wangu, wa mzinga mmoja, aliyekuwa anatembea vizuri akirudi nyuma kuliko akienda mbele. Nampenda hata Kobe wa Njoroge, mfupi, mpana, mzinga uko juu ya mgongo na miguu huioni. Yale mazuri mazuri, yenye mabawa na mapanga, siyataki. Jitu liwe na sura ya kitu kinachofanya kazi.

Lakini hakuna kama Nzou. Nzou ni ndovu kwa Kikamba. Nilimchora nikiwa Form Three, miguu minne minene kama mabomba ya kiwanda cha Magadi, mizinga miwili mahali pa pembe, rejeta kumi na mbili zimepangwa kwa mbavu. Hajawahi kushindwa. Miaka kumi na nne! Majitu tisa ya Njoroge yamechomwa kwa jiko kwa sababu yake.

La saba lilikuwa Heroe.

Heroe alichorwa likizo moja Njoroge alipokuja kwetu Magadi. Joto lilikuwa la kuua mtu, na yeye akakaa kando ya maji akiangalia heroe, wale ndege wa waridi wa miguu mirefu, wakitembea kwa ile magadi nyeupe, magoti yamekunjikia nyuma. Akachora jitu la miguu myembamba, lisilo na bamba karibu kabisa, mbio tupu. Nitasema ukweli: lilikuwa jitu zuri kuliko lolote nililowahi kuchora, na nililionea wivu. Alilificha miaka mingi bila kulileta mezani. Alipolileta, 2004, Heroe alimzunguka Nzou mara tatu, akamtoboa mgongo, na akabakisha pigo moja tu. Nzou akakimbia, akageuka, akapiga mizinga yote miwili bila kuchemka. Heroe akaanguka. Njoroge alichoma karatasi akicheka, akasema, "Hiyo ndovu yako haichoki?" Halafu hakukuja kwangu miezi mitatu.

Sasa, leo. Asubuhi nilikuja hapa hapa cyber. Njoroge alikuwa anakuja na Kobe, amemfanyia kazi nusu mwaka, na mimi nikataka madoido, nimpige Nzou chapa vizuri kwa kompyuta. Nikaingiza injini, miguu, bamba, mizinga, rejeta. Nikabonyeza ijumlishe.

Mia moja na kumi na mbili.

Nikarudia. Nikachukua kalamu, nikajumlisha kwa mkono kama mtoto wa darasa la tatu. Mia moja na kumi na mbili. Rejeta zote kumi na mbili, tani moja kila moja, zilichorwa lakini hazikuwahi kuhesabiwa. Ndiyo maana Nzou hachemki! Jasho lilinitoka na baridi yote hii.

Saa sita Njoroge akafika nyumbani kwangu na pikapu yake, mikono imejaa mboga alizomletea mke wangu Nduku. "Sopa, Mwalimu!" Nikajibu ipa, nikampokea mboga. Nduku akatoa kitambaa mezani, akaleta chai. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na dakika kumi nzima akiongea juu ya bei ya mabati. Sikusema. Nikajiambia nitacheza pole pole, nipige mzinga mmoja mmoja, nishindwe, Nzou achomwe, na mambo yaishe bila aibu. Eti hiyo ndiyo heshima niliyompangia rafiki yangu.

Mtu aliyepigwa na Nzou mara tisa anamjua Nzou. Raundi ya nne Njoroge akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, mbona hupigi? Unanionea huruma?"

"Hapana."

"Basi piga. Sikukuja kutoka Gataka kubembelezwa."

Alikuwa amekasirika kweli, mishipa ya shingo imesimama. Nikapiga. Mizinga yote miwili. Na dadu nazo, utafikiri zimetumwa, zikaanguka sita na sita. Mguu wa Kobe ukakatika. Pigo lingine moja na Kobe angeenda kwa jiko. Njoroge akaangalia meza, akavuta pumzi, akasema tu, "Haya, maliza."

Dadu zilikuwa kwa kiganja changu. Nilisikia Nduku jikoni akigonga mwiko kwa sufuria. Nikafungua mdomo bila kujua nitasema nini.

"Njoroge, Nzou si tani mia. Ni mia na kumi na mbili."

Alicheka kwanza. Halafu akaona uso wangu. Akavuta karatasi yangu, mara ya kwanza katika maisha yetu kushika karatasi ya mwingine, akatoa kalamu, akajumlisha pole pole akisogeza midomo. Alipofika kwa rejeta akazihesabu moja moja kwa ncha ya kalamu.

"Heroe," akasema.

Nikarudisha dadu kwa boksi.

"Umejua lini?"

"Leo asubuhi. Naapa."

Nikainuka, nikachukua karatasi ya Nzou niipeleke kwa jiko. Akanishika mkono. Hakunifinya, alinishika tu.

"Wacha. Hiyo ni rahisi kwako."

Akakunja karatasi ya Kobe, akaiweka kwa mfuko wa shati, akamuaga Nduku kwa adabu zake zote na kumwita Mama vile humwita siku zote. Chai yake aliiacha imejaa. Nduku aliangalia kikombe, akaniangalia mimi, akauliza, "Kwani mmekosana juu ya mchezo?" Mchezo ndiyo. Lakini kwa miaka kumi na nne huyo mtu hajawahi kuuliza kuona karatasi yangu.

Na sasa hili lingine, ambalo naandika huku nikiangalia nyuma kama mwizi.

Si leo asubuhi.

Mwaka 2001 chai ilimwagikia karatasi ya Nzou, na ikabidi niinakili upya. Nilinakili kila mstari. Nilipofika chini, pale pa jumla, nilianza kuhesabu kama kawaida yangu, maana mimi siwezi kuona nambari nikaziacha. Nilifika kwa rejeta, nikashuku, nikainua kalamu. Na nikaacha. Nikaandika mia moja kwa sababu ile ya zamani iliandikwa mia moja, nikafunga daftari, nikaenda kuoga. Sikujua, ni kweli. Lakini mtu huacha kuhesabu katikati kwa nini? Wanafunzi wangu wakifanya hivyo nawaita mbele ya darasa.

Hiyo ilikuwa 2001. Heroe alikuwa bado hai. Ningemalizia hesabu siku hiyo, dakika moja tu, Njoroge angekuwa na karatasi yake mpaka leo. Na leo ameniuliza lini, akiniangalia machoni, na nikaapa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi bado nilikuwa naficha nusu.

Naogopa. Sijawahi kuwa na rafiki mwingine wa aina hiyo na sidhani nitampata mwingine, na hiki kitu kinaweza kumaliza urafiki kabisa. Hii ya leo anaweza kuisamehe kama kosa la mtoto wa Form Three. Ile ya 2001 ni ya mtu mzima.

Kesho baada ya kanisa naenda Gataka. Sitabeba karatasi wala waya. Nitamwambia hilo lingine, na asiponipa kiti, nitalisema nikiwa nimesimama.