Kupumzika Kabla ya Kuchoka

Jumatatu, 4 Mei 1908

Nimepanda dunguni, ulingo wetu wa kulindia shamba, kabla ya jua. Mpunga umeanza kutia maziwa na ndege wameshajua! Ngazi ina vipandio saba. Nilipumzika kwenye cha nne. Hakuna aliyeniona.

Kaka Viktor amechukuliwa kubeba mizigo ya boma, mpaka Mahenge na kurudi. Baba na mama waliondoka na njaa iliyofuata vita. Nimebaki mimi na shangazi Kandida, na shamba hili la Lipangalala. Ndilo chakula chetu, ndilo mbegu ya mwakani. Shangazi aliuliza kama nitaweza kuamia ndege peke yangu. Nikasema nitaweza. Akanitazama macho, haya ya manjano, kisha akaitikisa ngazi kuipima.

Jumanne, 5 Mei

Sista wa misheni, siku aliyonirudisha nyumbani, alisema damu yangu ni chache, mifupa itaniuma, na uchovu hautaisha. Nikauliza mpaka lini. Akanipa daftari hili na penseli. Nadhani alinihurumia. Nina miaka kumi na saba, sina haja ya kuhurumiwa. Nataka mpunga.

Leo nimewachunguza ndege. Alfajiri wanakuja kwa fujo mpaka saa tatu hivi. Halafu tena saa tisa mpaka jua kuzama. Katikati wanajificha vichakani kwa joto. Kumbe na wao wanapumzika! Basi nitalala wanapolala wao.

Kamba tatu zinatoka dunguni mpaka vibuyu vya kokoto kule pembeni. Moja nimeifunga mguuni. Chali kabisa, navuta kwa kisigino, kibuyu kinalia huko mbali. Nilicheka peke yangu.

Jumatano, 6 Mei

Shangazi alileta uji mchana, akanikuta nimelala. Nikasema shikamoo kutoka juu. Aliitikia kwa shingo upande. Alisema wenzangu wanakimbia kwenye matuta na kombeo, mimi nimejitandika kama mgeni. Nikamweleza habari ya ndege na joto. Akasema uvivu wangu umepata elimu.

Iliniuma. Lakini hakuna suke lililoliwa leo. Hata moja.

Ijumaa, 8 Mei

Leo mwili mwepesi! Sijui umetoka wapi. Magoti hayaumi. Nimeshuka, nimekaza kamba zote, nimechota maji mara tatu, jioni nimetwanga ile nafaka ya mwisho mpaka shangazi akasema basi. Nilitaka anione. Akaniona, akatabasamu.

Jumapili, 10 Mei

Jana sikuamka. Leo naandika nikiwa mkekani. Mikono inauma, kope zinauma. Penseli nzito.

Jumatatu, 11 Mei

Bado niko ndani. Shangazi ameamia siku tatu na sauti imemkauka. Ndege wamekula pembe ya mtoni, eneo la kutosha kujenga nyumba. Nimelia.

Kosa ni la Ijumaa. Naliandika hapa nisilisahau: siku njema ndiyo inayonidanganya. Naitumia yote, halafu nalipa siku tatu. Kumbe siku njema ndiyo ya kuifanyia ubahili.

Shangazi amesema pembe nyingine ikiliwa, shamba ataliamia Emerensiana wa jirani, achukue nusu ya mpunga. Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana niliogopa.

Jumanne, 12 Mei

Nimerudi dunguni. Sheria yangu: napumzika kabla ya kuchoka, si baada. Kivuli cha nguzo ya dungu kikigusa tuta la pili, nalala, hata kama najisikia kuruka. Hata kama shangazi anatazama. Nitanyanyuka kikifika la tatu.

Ni ngumu kuliko kukimbia! Kulala ukiwa na nguvu, na watu wanapita njiani!

Jumatano, 13 Mei

Sheria imeshika. Ndege walikuja wengi asubuhi, wingu zima. Nilisimama, nikavuta kwa mikono miwili, nikapiga kelele. Nilikuwa nazo nguvu, kwa sababu jana nilizibakiza. Wakageuka wote.

Shangazi alikuja na uji, akakagua pembe zote nne. Hakusema kitu kuhusu Emerensiana.

Alhamisi, 14 Mei

Naandika haraka.

Asubuhi, ndege wakiwa wengi, nilikuwa nimesimama navuta kamba na kufoka. Karani wa boma akapita na daftari lake. Wanaandika watu wa kuchimba barabara, hata wasichana, wiki mbili. Akasimama kunitazama. Akasema huyu ana nguvu.

Shangazi akamwambia mimi ni mgonjwa tangu utoto. Karani akacheka. Akasema amesikia sauti yangu tangu mtoni.

Nikamwambia mimi mwenyewe: "Leo naweza. Nikichimba kesho, keshokutwa hutaniona."

Akageuza daftari nione. Sehemu mbili tu. Wazima, wagonjwa. "Chagua moja," akasema. Anamaliza mashamba ya kule, halafu anarudi.

Nikiwa mzima, naenda barabarani, na ndege watamaliza shamba kabla sijarudi, kama nitarudi. Nikiwa mgonjwa, shangazi atakuwa amesikia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba siwezi, na Emerensiana anakaa jirani tu. Nina hasira! Wiki nzima nimejifunza kuishi katikati, na katikati hapana pa kuandikwa.

Shangazi amebaki chini ya dungu. Ameniuliza aape nini karani akirudi. Nikasema sijui. Hajaondoka.

Sasa karani anakuja, namwona kwenye tuta. Kivuli kimegusa tuta la pili. Nikisimama ataniona mzima. Nikijikunja na kulia ataniona mgonjwa. Na nguvu ninazo, naapa ninazo.

Nimelala. Naandika chali, daftari juu ya uso. Amefika. Anaita nishuke.

Shangazi amemjibu, na sauti yake ile iliyokauka: "Subiri, karani. Anapumzika. Akiamka atakwambia."

Karani ameuliza nitaamka saa ngapi. Shangazi amemwonyesha kivuli. Nasikia karani ameketi kwenye ngazi. Bado hajaandika popote.