Kwa Profesa Tomma Harberts, Mkalimani wa Baba Yake

Mwaka umetimia, Tomma, tangu moyo wako usimame, na kuuvuka mwaka huu kumetuchosha. Tunalisema hilo wazi. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisoma matangazo ya kumbukumbu gazetini na kuuliza ni nani katika familia hiyo huongea namna ile mezani.

Watu walikujua kama profesa wa taaluma ya tafsiri. Ulifundisha kule kusini, mbali na kwetu kaskazini, na wanafunzi wako walipokuja kukuzika walijaza kanisa letu dogo hadi mlangoni.

Hukushughulika na tafsiri za mashairi. Kazi yako ilikuwa vitu vya kutumia: karatasi zinazokuja na dawa, maelezo ya mashine, vibao vya hospitalini. Mtu akishasoma, uliuliza, atafanya nini? Na mtu wako wa kupimia alikuwa mama yako. Ulikuja likizo na maelezo yaliyotafsiriwa ovyo, ukamketisha jikoni.

"Mama, usitumie akili. Fuata kilichoandikwa."

"Nisitumie akili nyumbani kwangu?"

"Kidogo tu, Mama."

Siku ya sufuria ya presha alifuata kilichoandikwa, na supu ya njegere ikapanda hadi darini. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Mama yako alikuletea ngazi na kitambaa. Baadaye ikajulikana kwamba ulikuwa umelipiga picha lile doa, ukalionyesha darasani. Siku ya mazishi wanafunzi walinong'onezana, "Ndiye yule wa supu." Alisikia. Hakukasirika.

Ulikula mkate wa samaki ukiwa umesimama. Ulisahau miavuli kwenye treni za nchi nzima. Krismasi, mabweni yalipofungwa, wanafunzi waliotoka mbali walilala sebuleni kwako, na Volkmar mumeo alijifunza kuruka miguu ya watu akienda kupika kahawa.

Kisha baba yako akapata kiharusi. Kilimwachia mkono wa kulia na kilimwachia hamu ya chai, lakini kilimfutia Kijerumani cha shuleni chote. Kilichobaki ni Kiplati, lugha yetu ya nyumbani, ile ya zizini na mezani. Kwenye nyumba ya wazee wauguzi wengi si wa huku. Sista Ewa ametoka Poland, mwenzake ametoka milimani Bavaria, kusini kabisa. Kwao baba yako alikuwa mzee anayeguna. Basi kila Jumamosi ulipanda treni, ukaivuka nchi kutoka chini hadi juu, ukakaa katikati yao, sikio moja kwa baba, sikio moja kwa Ewa.

Hapo ndipo wewe na mama yako mligombana. Daktari alisema baba hataendesha trekta tena maishani. Wewe ukamgeukia, ukamwambia kwa Kiplati, "Baba, trekta analitunza Habbo." Mdogo wako Habbo kweli alikuwa akilitunza. Lakini mama yako alikuvuta hadi koridoni.

"Daktari amesema hataendesha tena."

"Nimesikia."

"Na wewe umesema Habbo."

"Mama, Baba hakuuliza kama ataendesha. Aliuliza kama litaoza mvuani."

"Huo ni uongo wenye shahada."

"Ni tafsiri."

"Miaka yangu yote kwenye maabara ya maziwa, aliyeandika tofauti na alichopima alifukuzwa."

"Ndiyo maana maziwa hayahitaji mkalimani."

Mlirudi chumbani mmenuna. Baba yako akawatazama, akauliza kwa nini mna nyuso za ng'ombe waliochelewa kukamuliwa.

Ulipokufa, mama yako alimwambia ukweli, kwa Kiplati, mkono wake ukiwa juu ya goti la mzee. Baba yako alilia. Kesho yake akauliza, "Tomma yuko wapi?" Akaambiwa tena. Akalia tena, kama mtu ambaye hajawahi kuisikia habari hiyo. Majira yote ya baridi yalikwenda hivyo. Mama yako si mtu wa kudanganya, hata kwa huruma. Ewa alivumilia, kisha akashindwa.

"Mama Harberts, unamzika binti yako kila alasiri. Mwambie yuko kazini."

"Hayuko kazini."

"Basi yuko safarini."

"Akiuliza anarudi lini, utamjibu wewe?"

Volkmar alisema bora tusijibu kabisa. Imke, binti yako, akasema Babu atadhani hatumsikii. Tulikuwa tumechoka, na mzee alikuwa anakonda. Kila mama yako aliposhuka basi na kuingia chumbani, chai ya alasiri ilikuwa mezani, imepoa, haijaguswa. Wauguzi walisema ni huzuni, anakataa kunywa. Walianza kuzungumzia dripu.

Mwezi wa Machi, siku ya mvua, mama yako aliingia akiwa ameloa, hana nguvu hata ya kuvua koti.

"Tomma yuko wapi?"

Alishindwa kuisema tena. Kwa uchovu tu akauliza, "Unamtakia nini?"

Baba yako alijibu papo hapo. "Amwambie yule sista kuwa bado sijatosheka. Kila siku ananitilia kijiko kikombeni."

Wewe huhitaji kuelezwa, Tomma, lakini wasomaji wa mbali wajue: kwetu, kijiko kikikaa ndani ya kikombe maana yake ni basi, chai imetosha. Na mwenyeji akikutilia yeye, amekuambia uende kwako. Wauguzi walimletea chai na kijiko ndani yake kila siku, kwa wema wao wote, na mtu mwenye adabu zake hakuinywa; mama yako alipokiona kijiko alidhani mzee amekitia mwenyewe.

Mama yako alikitoa kijiko, akaenda kumtafuta Ewa. Ewa alijishika mdomo.

"Mungu wangu! Nami nilimchagulia kikubwa, akoroge vizuri!"

"Hatukorogi. Weka sukari ya mawe chini, chai juu yake, malai mwisho, halafu uiache."

Siku hiyo baba yako alimaliza birika. Habari ya dripu haikusikika tena.

Tangu hapo mama yako halijibu swali lile kabla hajauliza lake. Unamtakia nini? Dirisha lifungwe. Soksi hizi si zangu. Mzee wa chumba cha pili anyamaze kuimba, sauti yake kama lango bovu. Mama yako huyabeba yote kwa Ewa kwa Kijerumani cha shuleni, na hurudi na majibu kwa Kiplati. Njiani hupunguza hapa, huongeza pale. Ndiyo, Tomma, yeye. Mzee wa chumba cha pili aliambiwa kwamba nyimbo zake zinapendeza zaidi asubuhi. Baba yako hakusema kitu kama hicho.

Ni kazi inayomaliza mtu. Akifika nyumbani hukaa na viatu mguuni. Wewe uliifanya baada ya wiki nzima ya kufundisha na safari ya treni, na ulipoulizwa ukasema si kitu.

Jumapili iliyopita tulikwenda sote kumwona baba yako. Alikunywa kikombe cha kwanza, akautazama mlango.

"Tomma yuko wapi?"

"Unamtakia nini?" mama yako akauliza, ameshainuka nusu kwenda kumwita Ewa.

"Sina shida. Nataka kumwona tu."

Mama yako akakaa tena.

"Hata mimi, Onno."

Baba yako hakulia. Alimsogezea mama yako kikombe chake kisicho na kijiko, naye akammiminia.

Unakumbukwa na mama yako Geeske, baba yako Onno, mumeo Volkmar, binti yako Imke, mdogo wako Habbo na mkewe Antje, na Sista Ewa, aliyeomba jina lake liwemo.

Tutakukumbuka siku zote, Tomma, tukiwa na nguvu na tukiwa hatuna.